Watoto Waliofichwa Mgeni Alipokuja

Kimbo, Ruiru
Jumapili, 14 Agosti 1994

Mama yangu mpendwa,

Assalamu alaikum. Leo nimeapa kukuandikia yote, hata yale ambayo Mama Mdogo Rukia angependa niyaruke, kwa hivyo kaa vizuri kwanza. Sisi tu wazima, ila baridi ya huku inatutesa. Je, mguu wa Bibi umepona? Na Baba, vumbi la mkonge bado linamkohoza?

Unakumbuka nilikueleza kwamba Mama Mdogo na wenzake wa chama cha akina mama wanataka kliniki ya watoto hapa Kimbo: chumba kimoja, muuguzi wa kuja kila Jumamosi, na tangi la maji safi. Kwa sasa mtoto akihara, mama huamka alfajiri kumpeleka Thika, na wengine hungoja tu. Chama hakiwezi kujenga, ndiyo maana tuliomba ufadhili kwa shirika moja la Nairobi. Barua niliiandika mimi, kwani Mama Mdogo alisema, "Wewe ndiye wa shule." Tuliipeleka Thika ikapigwe taipu katika duka la Mhindi mmoja. Binti yake ndiye aliyepiga taipu; alipofika katikati ya barua, akasimamisha vidole. "Hii ni kweli? Mnapima watoto na mizani ya viazi?"

Ni kweli, Mama. Jirani yetu Mama Njoki huuza viazi sokoni. Huku wanaviita waru. Kila Jumamosi akimaliza kuuza, huning'iniza mizani yake mlangoni. Tunamtia mtoto ndani ya kiondo, kile kikapu chao cha kusuka, tunatoa uzito wa kiondo, nami naandika kwenye daftari. Watoto wakubwa hupiga kelele, "Hiyo waru ni kilo ngapi?" Naye huwajibu, "Hii haiuzwi, potea!" Tunacheka sana. Lakini nikirudi nyumbani na kufungua daftari, kicheko huisha. Naona mtoto aliyekuwa na kilo tisa sasa ana nane, wakati mama yake bado anasema ni meno tu yanaota.

Shirika lilijibu kwamba mgeni atakuja Alhamisi kujionea. Hapo ndipo tulipokosea.

"Mgeni wa Nairobi hatamwona mtoto wa kamasi hapa kwetu," alisema Mama Mdogo, na wote wakakubali. Plot nzima, yaani ua wetu wote wa vyumba vya kupanga, ilifagiliwa. Watoto wazima walioshwa, wakapakwa mafuta mpaka wakang'aa, wakavishwa nguo za kuazima. Walio wagonjwa walilazwa ndani na milango ikafungwa. Tulipika mukimo wao wa viazi na mahindi ya kupondwa, chapati na kuku wawili. Hata Wambui, anayelea mtoto wa tajiri mmoja kule Membley, alikuja naye, mnene kama mto wa kulalia, akamkalisha mstari wa mbele!

Mgeni alikuwa mama wa makamo, Bi. Achieng, mwenye miwani na viatu vilivyochoka. Alikula, akashukuru, akatuangalia mmoja mmoja. Kisha akasema kwa upole, "Akina mama, nimeshiba na nimefurahi. Watoto wenu ni wazima kuliko wangu. Sasa niambieni, kliniki mnamtakia nani?"

Mama Mdogo alitazama chini. Niliona kliniki yetu inaondoka na yule mgeni. Daftari lilikuwa mapajani mwangu, na hakuna aliyekuwa amenituma kusema, lakini nilisimama nikampa. "Ni ya hawa," nikasema.

Alisoma ukurasa baada ya ukurasa. "Kamau yuko wapi? Na huyu Nyambura?"

Ndipo Mama Njoki akapiga mapaja yake. "Ngai! Tunaomba dawa na ugonjwa tumeuficha!" Akaenda mlangoni kwake, akafungua, akamtoa mjukuu wake akiwa amefungwa blanketi.

Mama, sijui nikuelezeje kilichofuata. Mlango wa pili ulifunguka, halafu wa tatu, halafu upande wa pili wa ua. Walitolewa hata watoto ambao hawakuwa kwenye daftari langu. Kumbe kila mama alidhani mgonjwa ni wake peke yake, akamficha asionwe hata na jirani anayechota naye maji. Waliwaleta taratibu, wakasimama pamoja na kutazamana. Nimeishi katika ua huu miaka miwili, na siku hiyo niliona kama ndiyo kwanza nimefika.

Bi. Achieng alivua koti, akanawa mikono, akaomba mizani. Tulipima mpaka jua likashuka. Wa Membley naye alipimwa, na Mama Njoki akasema, "Huyu ni gunia. Rudisha kwa mwenyewe!" Hata wenye kulia walicheka.

Bi. Achieng alipokuwa akiondoka aliniuliza ni nani aliyenifundisha kupima. Sikuwa nimepanga kusema, Mama. Nilimweleza juu ya mdogo wangu Athumani: jinsi kaptura yake ilivyokuwa ikimdondoka, nawe ukaipunguza kiuno kwa sindano mara tatu, na sote tukadhani ni kitambaa kilicholegea. Nilimwambia kwamba hatukuwa na mizani. Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu.

Hakutuahidi kitu. Alituachia fomu, nayo lazima ifike Nairobi kabla ya mwezi kwisha. Tumeijaza yote ila ukurasa mmoja, unaotaka tueleze kwa maneno yetu kwa nini tunaomba. Bi. Achieng alisema, "Hapo andika ulichoniambia." Lakini Mama Mdogo amekataa katakata. "Jina la yule mtoto halijatajwa nyumbani kwenu tangu azikwe. Ni la mama yako. Muulize."

Nisalimie Baba, na Bibi mwenye kuniombea dua, na Mjomba Hamisi wa duka anayekusomea barua zangu. Mwambie hii aisome polepole.

Ukurasa bado ni mtupu, nimeuweka ndani ya daftari ili usikunjike. Jibu lako mpe dereva wa lori la mkonge, atalifikisha Thika upesi kuliko posta. Mimi mwanao Zuhura ninangoja neno lako moja tu: Mama, niliandike jina la Athumani?