Ampule Nyuma ya Bafle

Yaya Mulongo,

Ninakuandikia nikicheka, unisamehe. Weye njo ulisemaka, "Kilio ikizidi, marehemu hapati usingizi." Basi ulale vizuri kule kaburini, ninakuletea habari ya furaha. Na kosa yangu moja, kwani siwezi kuificha kwa ndugu yangu mukubwa.

Mbele ya yote: mutoto wako Banze alizaa mutoto mwanamuke, banamuita Mulongo, jina yako yote. Analia kwa nguvu, hata jirani ng'ambo ya njia anajua saa yake ya kunyonya. Bamama banasema, "Huyu hana lazima ya mikro."

Kiisha, bafle za korale, vile vyombo vya sauti ya baimbaji, ziko kwangu sasa. Zile ulizojenga na mbao za masanduku ya Base ya baaskari, na hoparleri za kutoa sauti ulizookota moja moja miaka mingi. Bazee ba kanisa balijiuliza sana: mwanamuke, tena wa darasa la tano, atajua nini? Lakini nani alikushikilia turnevisi ya kukazia vyuma siku zote? Nani alishona kitambaa ya mbele? Nikabajibu vile, bakaniachia bafle.

Ninafanya sawa ulivyonionyesha. Wavu ya waya mbele, ya kuzuia vidole vya batoto, kwani mutoto akiona ile katumbo ya hoparleri anataka tu kuibonyeza. Pilipili kavu ndani, ya kufukuza panya. Na mbele ya kuanza ibada ninagusisha kila hoparleri kidogo kwa pile ya radio, nisikie inajibu "kra". Ikijibu, ninasema Amina.

Na ile ampule. Yaya, hapa njo kosa iko.

Unaikumbuka, ampule ndogo ya taa ya nyuma ya pikipiki. Uliifunga ndani ya bafle, katika waya inayopeleka nguvu kwa Kadege, ile hoparleri ndogo ya juu tuliyoipa jina hiyo kwani yeye njo analeta sauti nyembamba ya bamama. Bila Kadege bamama banaimba sawa bamefunikwa na blanketi. Uliniambiaka, "Ampule ikiwaka, mupunguze." Minyi niliwaza iko pale kutuonya tu, sawa mulinzi anayepiga filimbi. Tena siku nyingi haikuwaka hata. Ililala.

Basi, juma ya mbele ya sikukuu ya mavuno, Pasta alipaswa kwenda kuzika mukristo kule njia ya Bukama, na taa ya nyuma ya pikipiki yake ilikuwa imekufa. Soko yote ya Kamina, hakuna ampule. Nikafungua bafle, nikatoa yako, nikamupa. Pale ilipokuwa nikasokota waya na waya, nikafunga mufuniko. Nilirudi nyumbani nikijisifu mbele ya Mungu sawa muntu aliyetoa ng'ombe muzima.

Jumamosi muchana tukafanya repetisyo ya nyimbo. Kalala, ule mupiga gitare wetu unayemujua, akafungua ampli, akaongeza nguvu ya sauti. Yaya, ile sauti! Bamama bakasikika wazi kuliko siku zote. Kalala akapiga makofi: "Munaona? Marehemu alikuwa anatufunga mudomo na kaampule kake!" Bote bakacheka. Na minyi nilicheka, lakini ilinichoma.

Kiisha nikasikia harufu, sawa pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Kadege akaanza kukwaruza. Krr, krr. Sikungoja mwisho wa Haleluya. Niliruka, nikavuta waya, bamama bakabaki vinywa wazi. Nikamutoa Kadege ndani ya bafle, alikuwa na joto sawa yai chini ya kuku. Nikaketi naye mikononi, ninamupepea na kitabu cha nyimbo, ninaomba. Ulimutafuta miaka mingapi, weye! Hata Lubumbashi leo hakuna mwingine. Nikagusisha pile. Kimya. Nikagusisha tena.

"Kra."

Kidogo tu, sawa muntu anayeamka. Nililia mbele ya bantu bote.

Njo pale nikaelewa. Ampule haikuwa mulinzi wa filimbi. Nguvu ikizidi, yeye njo aliipokea, akawaka, akabeba ule moto, na Kadege akapona. Sawa weye, ile siku nilivunja mutungi ya mama. Baba akauliza nani, ukasema, "Ni minyi," na hukuwa hata nyumbani.

Sasa, kesho yake, Dimanche ya sikukuu. Kiwanja ya kanisa ikajaa: mihogo, mahindi, kuku zimefungwa miguu, mbuzi moja inakula maua ya madhabahu. Bamama na vitenge vyao vya namna moja. Na ampule yangu iko wapi? Iko na Pasta, njiani. Kadege sikumufunga waya. Kalala akanikaribia pole, haya imemushika: "Mama Ngoie, weka waya tu, tuanze. Mungu atamulinda."

Nikamujibu, "Mungu alishamulinda. Alitumia ampule."

Tukangoja. Bazee banakohoa, batoto banalia, bantu bananiangalia sawa minyi njo nimeficha mvua. Nilikuwa karibu kukubali, Yaya, sikufichi. Karibu kabisa. Kiisha tukasikia pikipiki.

Pasta akafika mwekundu na vumbi mupaka kwenye nyusi. Hata hajashuka vizuri, niko tayari nyuma ya pikipiki, nimepiga magoti na turnevisi yako.

"Mama Ngoie! Unaibia muchungaji mbele ya kondoo?"

"Hapana, Pasta. Ninamurudishia Mulongo yake."

Alicheka mupaka vumbi ikaanguka.

Tulianza na ule wimbo ulioupenda, ule bamama banapanda juu na sauti kwa mwisho. Bakapanda. Na nyuma ya kitambaa niliyoshona, Yaya, ampule ikawaka. Nyekundu kwanza, kiisha manjano, inapanda na sauti yao, inashuka nao. Bantu bote baliiona. Mama muzee mumoja akaionyesha na kidole, "Muangalie, Mulongo amekuja!" Kalala mwenyewe alinyosha mukono, akapunguza ampli. Na Kadege aliimba mupaka mwisho, safi, hata kukwaruza moja hapana. Nilicheza mupaka kiatu ikanitoka.

Pasta sasa anatembea muchana tu. Nimeandikia jamaa ya Lubumbashi. Ampule ikifika na treni, ya kwanza ni ya pikipiki yake, ya pili itakaa ndani ya kopo yako ya maziwa, kati ya misumari. Na Kalala anakuja kwangu kila siku ya tano ya juma kujifunza. Nilimuanzisha na kushona kitambaa. Anajichoma vidole, ananung'unika, lakini anarudi.

Basi, Yaya, ninakuacha na amani ya Bwana. Ninakuahidi: minyi nikiwa muzima, hakuna muntu atagusa ile ampule, hata Pasta, hata minyi mwenyewe. Na kule uliko, kama malaika banaimba na bafle, ninajua nani anazitengeneza. Usifunge mufuniko ya nyuma mupaka nifike. Ninataka kuona umeweka nini ndani.

Ndugu yako muke,
Ngoie