Jina la Tatu

Jumanne, Juni. Upepo wa ziwani, vumbi la mashamba ya ngano, na mimi nimechoka.

Naanza na uchovu kwa sababu ndio uliobaki leo. Baridi ya Basotu mwezi huu inaingia mpaka kwenye mifupa. Mlima Hanang haujaonekana tangu asubuhi, umejifunika wingu lake. Nimekaa jikoni karibu na moto, kompyuta iko mapajani, bando linakaribia kuisha. Jibu nimeshalituma. Sasa natafuta mtu wa kumwambia nilichofanya, na sioni mwingine zaidi ya huu ukurasa.

Kwa unayepita hapa kwa mara ya kwanza: naitwa Paskalina. Nilizaliwa Endagikot kwa Wairaqw, nikaolewa huku kwa Wabarabaig. Mchana natunza kumbukumbu za wagonjwa kwenye kituo cha afya. Jioni nachangia mradi wa programu huria, ile ile tunayoitumia kituoni kuandikisha wagonjwa. Watu wa nchi nyingi wanaiandika kwa kushirikiana bila malipo, na yeyote anayeona kasoro anaruhusiwa kuirekebisha. Nilijifunza kidogo kidogo, kwanza kwenye simu, halafu kwenye hii kompyuta ya mtumba aliyoninunulia mume wangu.

Yeyote anaruhusiwa. Hivyo ndivyo nilivyosoma mlangoni mwa mradi nilipoingia.

Huku kwa wakwe zangu, mwanamke aliyeolewa hataji jina la baba mkwe. Hataji la babu wa mume wala la wakubwa wengine wa nyumba ile, wawe hai au wamekufa. Hata neno la kawaida likifanana na jina hilo analikwepa, anatafuta lingine. Wapo wanaosema ni mambo ya zamani. Mimi niliahidi mbele ya mama mkwe siku nilipoletwa hapa, na sijajuta. Baba mkwe wangu sasa ni marehemu. Jina lake sitaliandika hapa, kwa hiyo usilisubiri.

Shida iko dirishani, pale kituoni. Mfumo unadai majina matatu, na usipojaza la tatu haukuruhusu kuendelea. Kwa wanawake wengi wa huku walioolewa, hilo la tatu ndilo la baba mkwe. Basi mama wa watu anafika na homa yake, anaulizwa, anaangalia chini. Foleni inaguna. Dada Rehema, muuguzi ninayefanya naye kazi, aliyehamishiwa hapa kutoka Tanga, ana moyo mzuri sana, lakini hata yeye siku moja alinigeukia amekata tamaa. "Mama Fausta, jamani, ni jina tu! Kwa nini hasemi?" Nilimweleza. Alinisikiliza vizuri, halafu akaniuliza sasa yeye ajaze nini.

Wengine wanataja jina lolote ili wapite, leo la kaka, mwezi ujao la jirani, na faili zao zinachanganyika kabisa.

Mama mkwe wangu hakutaka kudanganya. Miaka ya nyuma, kabla sijaajiriwa pale, alisimama dirishani kimya, na kijana aliyekuwa zamu akamfokea mbele ya watu kwamba anajifanya bubu. Akageuka akarudi nyumbani bila dawa. Hajakanyaga tena. Presha anayo, naiona. Akitoka kukamua anakaa kwenye kigoda akishika kichwa. Mume wangu amejitolea mara nyingi ampeleke amsemee. Mama anakataa. Anasema hataki kupelekwa na mwanawe kama mtoto, yeye anajua njia.

Kwa hiyo nilikaa nikaandika marekebisho. Jina la tatu lisiwe lazima. Mgonjwa apatikane kwa jina lolote analojulikana nalo kijijini, hata la mtoto wake wa kwanza. Yalinichukua msimu mzima, kuanzia kupanda mpaka mahindi kukomaa. Wenzangu wa mradi wakayapitia, wakayajaribu, wakayasifia. Nikamwambia mama mkwe: toleo jipya likija, hakuna atakayekuuliza. Njoo Alhamisi.

Akasema atakuja.

Kilichobaki kilikuwa sahihi yangu. Mradi una kanuni kwamba kila mchangiaji atie sahihi kwa jina lake kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, na jina hilo linabaki wazi kwa dunia nzima, halifutiki. Na kwenye kitambulisho changu, jina la tatu ni lile lile la baba mkwe. Siku ya kuandikishwa, shemeji yangu ndiye aliyelitamka kwa karani, mimi nikiangalia viatu vyangu. Tangu hapo natembea nalo kwenye pochi. Mdomoni halijawahi kufika, wala mkononi.

Ningecheka, kama nisingekuwa nimechoka hivi. Nimeandika dawa ya dirisha la kwetu, nikakwama kwenye dirisha lao.

Nilitia sahihi "Paskalina, Mama Fausta", ikarudishwa. Nikatumia jina la baba yangu wa Endagikot. Msimamizi wa mradi, anaitwa Tomas, yuko huko Ulaya, akaniuliza kwa adabu kama ndivyo nilivyoandikwa kwenye kitambulisho. Nikasema ukweli kwamba hapana. Ikabidi nieleze. Na nilipoeleza, wageni wakaanza kuijadili nyumba ya mama mkwe wangu. Mmoja aliandika kwamba jina ni herufi tu. Mwingine alitaka uthibitisho wa maandishi kwamba mila hiyo ipo. Wiki nzima nilikuwa nafungua yale majadiliano, nafunga, nafungua tena. Kuchoka kwa kulima nakujua, nimezaliwa shambani. Huku kuchoka kwa kujieleza sikukujua.

Kitu kimoja tu kilinipa nguvu. Watu wengine wakaanza kujitokeza. Mmoja alisema kwao mtu ana jina moja tu, hana la pili wala la tatu. Mwanamke mmoja alimkimbia mume aliyekuwa anampiga, na jina lake kamili likiwekwa wazi atatafutwa. Mwingine alibadilisha jina na la zamani linamuumiza. Wote wamekuwa wakifanya kazi pembeni, bila sahihi, wengine wakachukua sifa zao. Nilisoma nikaona foleni ya kituoni kwetu.

Leo mchana Tomas aliniandikia faragha. Wamekubaliana kunisamehe. Nimtumie yeye peke yake picha ya kitambulisho, yeye ataliandika jina mahali pa siri, na mimi nitie sahihi ninavyotaka. Nijibu leo, kwa sababu toleo linafungwa. Na hao wengine? Watasikilizwa mmoja mmoja, kila mtu alete sababu zake.

Nilitaka kukubali. Naliandika hili wazi kabisa: nilishatoa kitambulisho kwenye pochi nikakiweka mezani penye mwanga.

Halafu nikaenda kwanza kwa mama mkwe. Alikuwa nje anapukuchua mahindi. Nikamwamkia, nikachuchumaa pembeni yake, nikamweleza kifupi kwamba kuna mtu mbali atakayeliandika jina kwa niaba yangu, mimi mwenyewe sitaligusa. Akaendelea kupukuchua.

"Huyo mzungu ni shemeji yako?" akauliza.

Nilicheka sana, mpaka yeye naye akacheka.

Baadaye akasema, bila kuniangalia, "Baba mkwe wangu mimi alinipenda. Siku tunamzika, watu wote walimlilia kwa jina. Mimi nililia tu, hivi hivi. Ndiyo heshima niliyokuwa nayo, nikampa yote."

Hakuniambia nifanye nini, na kuhusu kompyuta hakuuliza chochote.

Nikarudi jikoni, nikakirudisha kitambulisho kwenye pochi, nikaandika haraka kabla woga haujanishika. Nilimshukuru Tomas. Nikamwambia sitaki msamaha kwa sababu sijakosa. Kama kanuni inaweza kunipisha mimi, basi ibadilishwe iwapishe wote: kila mtu atie sahihi kwa jina ambalo watu wake wanamwita, asiulizwe sababu. Yule aliyemkimbia mumewe asilazimike kusimulia kipigo chake ili apokelewe kazi aliyoifanya vizuri.

Nikabonyeza.

Hapo ndipo Alhamisi iliponijia kichwani. Sijui kwa nini haikunijia mapema. Labda ilinijia, nikaisukuma.

Jibu halikukawia. Tomas si mtu mbaya. Amesema nimesema kweli, hoja yangu ataipeleka ipigiwe kura na wachangiaji wote, na yeye mwenyewe ataiunga mkono. Ila kura inahitaji muda, na toleo limefungwa bila marekebisho yangu. Yatangoja toleo lijalo, ambalo halijapangiwa siku. Kompyuta ya kituoni inapokea toleo rasmi tu, langu mwenyewe siruhusiwi kuliweka.

Kwa hiyo nimeshinda, nadhani. Na nimevunja ahadi ya Alhamisi.

Nimejiuliza jioni hii yote kama ilikuwa heshima au kiburi. Ni rahisi kukataa msamaha ukiwa na afya yako, umekaa kwenye moto. Presha si yangu. Na bado, ningerudishwa mchana ule, sidhani kama mkono wangu ungetuma ile picha. Naona aibu na sijutii, vyote kwa pamoja, na vyote vinanichosha.

Mama mkwe hajajua. Amefua kitenge chake cha kwendea kanisani, kile anachokitoa Krismasi na Pasaka, na kiko kwenye kamba hapo nje kinapigwa na upepo. Amemwambia hata jirani kwamba Alhamisi ana safari, na kwamba anakwenda peke yake.

Dada Rehema anaanza likizo kesho. Dirishani nitakuwa mimi.

Inabidi nimwambie mama mkwe kesho, kabla hajakikunja kitenge. Nisipopata ujasiri, Alhamisi atafika amependeza, nitamwamkia shikamoo, ataitikia marahaba, mfumo utadai jina ambalo hakuna hata mmoja wetu anayeweza kulitaja, na tutabaki tunatazamana.