Dungusi Lako la Dirishani

Mchumba wangu, mjukuu unayenikimbia,

Pokea salamu zangu na za mke mwenzio, bibi yako, aliyenuna kama kawaida. Dungusi ulilotuachia limenipita kimo, linagusa dari! Haya, nimedanganya. Bado ni kidole gumba chenye miiba. Nalinywesha kijiko kimoja cha maji kwa mwezi, kama ulivyoagiza, nalo kwa maringo halijaongeza hata ukucha.

Mwezi uliopita nilivuta pazia, dungusi likaanguka. Nikalikanyaga peku na kuendelea na shughuli zangu mpaka jioni. Bibi yako akauliza, "We mzee, mbona unapaka sakafu rangi?" Kumbe miiba imezama wayoni, damu inatoka, nami sina habari! Nikajigamba kwamba nina ngozi ya kifaru. Daktari akasema si ngozi, ni kisukari kimeua mishipa ya fahamu. Kidonda kimeoza. Jumatatu wanaukata mguu wa kushoto, chini ya goti.

Usililaumu dungusi. Nimelipanda upya kwenye kikombe changu cha chai, na ubavuni limetoa kitoto. Bibi yako analia jikoni akidhani sisikii. Kilichokufa ni mguu, masikio yapo.

Sasa deni lako. Siku ile ya kuondoka ulinikata kucha za mguu wa kulia, ukasema za kushoto utazimalizia ukirudi. Basi njoo kabla ya Jumatatu uzimalizie. Sitaki mguu wangu utoke nyumbani mchafu.

Babu yako, wa miguu miwili mpaka Jumapili.