Utepe Ndani ya Mchele

Mama, shikamoo.

Mchele umefika salama, ingawa boksi limelowa theluji ya huko kwenu Niigata. Kampeni inaanza kesho na sauti imeshanikauka.

Jana mwenyekiti wangu wa kampeni, Mzee Kuramochi, alinitolea uvivu: "Wagombea wenzako watasimama kituo cha treni na wake zao, wawainamie wapiga kura. Wewe ukimsimamisha Sawako, mwanamke mwenzako, udiwani usahau. Tuseme ni katibu wako."

"Katibu gani anayenifulia soksi miaka kumi na moja, mzee? Na mji mzima unajua, nimeshasema mwenyewe jukwaani!"

"Basi tafuta mwenyekiti mwingine."

Akaondoka. Sawako alisikia yote, akaendelea kuosha vikombe.

Leo asubuhi anamimina mchele, zikatoka tepe mbili nyeupe za kuvaa begani, mshono wako. Moja ina jina langu. Ya pili umeitarizi: MKE WA MGOMBEA. Barua hakuna.

Sawako na ufupi wake, tepe za dukani humfika magotini. Hii imemkaa sawasawa. Kesho tutasimama wote wawili.

Lakini Mama, siku ile moja niliyomleta nyumbani, ulimpa mgongo mpaka tukaondoka. Ulimpima saa ngapi?

Mwanao,
Chizuru