Ukurasa wa Sita wa Kitabu cha Dubu

Jumanne, Kongowe. Mvua imenyesha tangu mchana, umeme umekatika mara mbili, na mimi nimeambiwa sijui kusoma.

Nafundisha darasa la kwanza. Kazi yangu ni kuwafundisha watoto wa watu kusoma. Lakini aliyeniambia hivyo ni binti yangu Zuhura, mwenye miaka minne, na alisema kwa huruma, kama anayempa pole mgonjwa.

Kisa ni kitabu cha picha. Dubu amepoteza blanketi, anatembea kwenye theluji akiwauliza wanyama, mwishoni analipata. Kila siku baada ya chakula namsomea Zuhura hadi alale. Mama yake, Mwanahamisi, ni muuguzi na mara nyingi yuko zamu, kwa hiyo nusu saa hiyo ni yetu wawili. Katika siku yangu nzima sina kitu ninachokipenda kama hicho.

Likizo tukampeleka shamba, kijiji cha Masaki, kwa bibi yake, mama mkwe wangu, na kitabu chake kwenye mfuko wa rambo. Mama mkwe hajui kusoma. Hajawahi kuona dubu, wala theluji. Akazitazama picha, akaeleza alichokiona. Yule ni Mzee Kondo, mwizi, kavaa koti la manyoya. Ule weupe ni unga wa muhogo aliouiba. Gunia limetoboka, unga umemwagika njia nzima. Ndiyo maana nyayo zake zinaonekana, na ndiyo maana wanyama wote wanamfuata.

Nakubali, ni hadithi nzuri kuliko iliyoandikwa.

Tangu Zuhura arudi, nikitamka "theluji" tu ananiziba mdomo kwa kiganja. "Baba, wewe hujui kusoma. Bibi ndiye anajua." Jana nikasalimu amri, nikasimulia habari za Mzee Kondo kadiri alivyonielekeza. Tukafika ukurasa wa sita, dubu kachuchumaa nyuma ya mti. Mtoto akacheka mpaka akapaliwa. Nikamuuliza Bibi anasemaje hapo. Akajibu kwamba Bibi kamkataza kumwambia baba. Na bila ukurasa wa sita, kitabu hakiendelei. Akageukia ukutani, akalala bila mimi.

Iliniuma sana. Nilimwonea wivu mama mkwe, na maneno yalinifika kwenye ulimi: bibi yako hajui hata herufi a. Alhamdulillahi, niliyameza.

Leo nikampigia simu. Mimi na mama mkwe hatujawahi kuzungumza zaidi ya salamu, mvua na mikorosho. Nikienda Masaki mimi hukaa barazani, yeye hukaa ndani, na chakula huletwa na mtu mwingine. Ndivyo tunavyoheshimiana. Simu ilipoita nikajikuta nimesimama wima na kofia nimeivua, ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kuna msiba?"

Nikamweleza shida yangu. Akaguna, akaanza kusimulia ukurasa kwa ukurasa, kwa sauti ya heshima kabisa. Alipomaliza wa tano akaishia hapo.

"Hapo, baba, mpe simu mtoto. Wewe toka nje."

Nikatoka. Nikaurudisha mlango, nikasimama koridoni. Sikukusudia kusikiliza, lakini Zuhura aliweka spika. Basi, Mzee Kondo alikuwa akilamba unga ule mbichi njia nzima. Tumbo likamvuruga. Akakimbilia nyuma ya mti, vifungo vya koti vikagoma kufunguka. Mama mkwe akatoa na milio. Milio mitatu tofauti, wa mwisho mrefu.

Huyu ni mama ambaye sijawahi kumwona hata akitafuna.

Nikabana taulo mdomoni. Halikusaidia.

"Bibi," nikamsikia Zuhura, "baba anacheka mlangoni."

Simu ikakatika.

Zuhura akaniita, akanikabidhi kitabu kikiwa wazi ukurasa wa saba. Tukaendelea na Mzee Kondo mpaka akakamatwa. Sasa amelala, kichwa kifuani kwangu, nami naandika haya kwa kidole kimoja. Nina furaha kupita kiasi.

Ila Jumamosi tunakwenda Masaki kuokota korosho. Nitakaa barazani pale pale, chakula kitaletwa pale pale. Na kikiwa ugali wa muhogo, nitaumezaje bila kucheka?