Mfuko Ulioangazwa Nusu

Kwa dada yangu kipenzi,

Hujambo wewe, na shemeji, na yule mtundu wako aliyemwagia soda gauni langu la harusi? Mimi mzima, ingawa bado nameza dawa. Sababu utaisoma mbele. Ndoa tamu, dada! Mume wangu hanywi chai mpaka nami niketi. Akipiga mluzi tu nje, moyo wangu unatangulia kufungua mlango.

Siku ile ulimtania kwamba kazi yake ni kuoka damu. Sasa nimekiona chumba chake cha kazi pale hospitalini, na haoki kitu. Damu iliyochangwa hutenganishwa, na zile chembe zinazosaidia kuziba jeraha hutiwa kwenye mfuko wake pamoja na maji ya vitamini ya manjano. Mfuko hulazwa ndani ya mashine inayoutikisa taratibu kama mtoto anayebembelezwa, huku taa kali ikiuangaza. Mwanga ukikutana na vitamini ile, vijidudu vilivyojificha huharibika, visiweze kuzaana. Taa isipomaliza kazi, mfuko haubandikwi lebo, na usio na lebo hapewi mgonjwa. Wenzake humwita Bwana Taa, nami sasa ni Bi Taa!

Basi sikiliza. Wifi yangu, dada yake mume wangu, alijifungua salama, kisha damu ikagoma kukata. Ndugu wakaombwa wachangie, nami nikawa wa kwanza kunyoosha mkono. Mama mkwe alinikumbatia mbele ya watu, akicheka na kulia, akasema mgeni njoo mwenyeji apone. Nilijiona malkia.

Kesho yake, mfuko wangu ukiwa chini ya taa, umeme ukakatika. Jenereta likakohoa, likanyamaza. Hakuna aliyeweza kusema mfuko ulikuwa umepata mwanga kiasi gani. Wodini wifi alikuwa amepauka, na daktari alituma mtu kila mara kuuliza chembe ziko wapi.

Mume wangu akatoka kutuambia mfuko ule hautumiki, wala hauruhusiwi kuangazwa upya. Dada, mama mkwe aliwaka! Alimuuliza kama kusoma kumemtoa akili. Damu ni ya mkeo, alisema, mtoto wa watu, msafi kama maji ya mtungi. Ana kijidudu gani? Shangazi yao akadakia kwamba labda bwana harusi ana wivu, hataki kugawana mke hata na dada yake. Hakuna aliyecheka. Nami, badala ya kumtetea, nilimshika mkono nikamsihi autoe. Alinitazama, akajibu kwa upole kwamba hata ungekuwa wa mama yake asingeutoa. Akautumbukiza kwenye pipa la taka, sote tukiona.

Tukabaki roho mkononi. Fundi alilala chini ya jenereta, na mama mkwe akasimama juu yake akimlaani yeye, jenereta na aliyelivumbua. Lilipowaka, ukaingizwa mfuko uliofuata, wa muuza mkaa ambaye hata hatumjui. Niliukodolea mlango ule macho mpaka yakauma. Hatimaye mume wangu akatoka mbio na mfuko wenye lebo. Jioni damu ikakata. Wifi yuko hai, ananyonyesha, na analalamika uji hauna sukari.

Lakini mama mkwe hajasamehe. Kila anayekuja kumwona mtoto husimuliwa jinsi mwanawe alivyotupa damu ya mkewe huku dada yake akikata roho. Mume wangu huinuka tu kumwongezea mgeni chai.

Dada, hili analijua mume wangu peke yake. Asubuhi ile ya kuchangia nilikuwa na kibaridi mgongoni na viungo vinauma. Muuguzi aliniuliza kama nina homa, nikasema sina, kwa kuwa mama mkwe alikuwa amenishika bega na sikutaka kuonekana bibi harusi legelege. Siku chache baadaye nilianguka. Nikapimwa: malaria, tena tele. Wifi, aliyekuwa hana nguvu hata ya kufumbua macho, angeipata kutoka kwangu.

Mume wangu aliyasoma majibu. Nilipolia alinifuta machozi, akaniambia niseme siku nitakayoweza, yeye mgongo wake mpana. Neno moja tu lingemsafisha, na hakulitamka. Kama haya si mapenzi, basi niambie mapenzi ni nini!

Lakini siwezi kumwacha aendelee kunibebea. Wageni wako sebuleni, na namsikia mama mkwe ameshaanza kisa chake: umeme umekatika, jenereta limekufa. Naweka kalamu chini niingie kabla hajafika kwenye pipa. Niombee sauti isinikwame.

Wabusu watoto, na shemeji mfikishie heshima zangu.

Mdogo wako akupendaye,
Bi Taa