Mabega ya Kumbeba Felisita

Jumatatu, 7 Novemba 1994

Chai bila sukari tena. Nyumba hii tuliyopewa Kimisagara, hapa Kigali, si yetu. Kwenye fremu ya mlango kuna alama za penseli, urefu wa watoto wa watu. Mama hataki zifutwe. Napita bila kuangalia.

Kazini: kuzunguka vilima vya nje ya mji, kutafuta wazee waliobaki peke yao, kumpatia kila mmoja jirani wa kumchotea maji na kutuletea habari zake. Kusema ni rahisi. Jirani yupi, hapo ndipo penye kazi.

Leo nimemwona Bibi Felisita. Mjane, hana mtu. Donda la mguu linanuka tangu mlangoni. Muuguzi wetu anasema asipofika hospitali wiki hii, tutamzika. Gari halipandi kule.

Jumatano, 9 Novemba

Nimepata njia. Ingobyi! Machela ya kusuka, wanaume wanne mabegani. Kila kilima kina chama chake cha wabebaji. Sisi tuliozaliwa ukimbizini Karagwe tulilelewa na hadithi hiyo: kwetu mgonjwa hatembei, majirani humbeba.

Mkuu wa chama ni Mzee Gaspari. Mpole, mcheshi. Amekubali papo hapo. Nimerudi nyumbani nikijiona mjanja.

Alhamisi, 10 Novemba

Mungu anisamehe.

Felisita aliona machela, akashuka kitandani, akatambaa nje kwa mlango wa nyuma. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Wanaume waliweka machela chini, wakatazama miguu yao. Kisha wakaondoka.

Nilimkuta migombani, kajifunika majani makavu. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mwezi wa nne walimbeba mume wangu. Alikuwa na homa. Walisema wanampeleka zahanati." Akaonyesha mto kule bondeni. "Na wewe umewaleta kwangu, mwanangu."

Hakuna aliyeniambia. Wala sikuuliza.

Jumamosi, 12 Novemba

Jana na leo amejifungia. Homa imepanda, namsikia akiongea na marehemu mumewe. Nami nimeanza kuisikia miti ya machela ikilia, hata nikiwa sokoni.

Bosi anasema tupeleke askari wambebe kwa nguvu. Nimemjibu vibaya. Amenuna, na anune.

Nimewaendea wajane wa kilima cha pili. Mwanamke kubeba ingobyi? Haijawahi kuonekana. Ndivyo walivyonijibu. Kisha Konsolata, mkubwa wao, akasema: "Tumepanda juu ya paa kuezeka, tumechimba makaburi, zote kazi za wanaume. Hili ndilo litushinde?" Akaenda kumwita Felisita dirishani. Mlango ukafunguliwa.

Jumapili, 13 Novemba

Tumembeba. Blanketi na miti miwili mipya, ile machela hatukuigusa. Tuliteleza, tulipumzika kila penye kivuli. Felisita alishika mkono wa Konsolata njia nzima. Chini gari lilitusubiri.

Daktari alifunua mguu, akafunika. Mngemleta Alhamisi, alisema.

Jumatano, 16 Novemba

Amefariki alfajiri.

Alhamisi alikuwa migombani, akinikimbia mimi. Nina hasira. Ofisini wameniuliza kama nafasi yake kwenye orodha yetu apewe mzee mwingine. Nimetoka nje, sikurudi.

Ijumaa, 18 Novemba

Mvua ndogo asubuhi. Tumemrudisha kwake mabegani, wanawake wale wale, mimi nikiwa nyuma upande wa kushoto. Njiani Gaspari na wenzake walikuwa wamesimama, kofia mkononi. Gaspari alisogea, akainamisha bega chini ya mti wangu.

Konsolata hakugeuka. Alisema tu, "Tembeeni." Tukatembea. Bega la Gaspari likabaki pale.

Tumemzika nyuma ya nyumba, kabla ya saa sita. Kisha tukanawa mikono, tukala maharage.